Ukoka wa Nyakakika

Nimestaafu majuzi tu, na tayari vijana wa gereji mmeanza kunifuata. Juzi mmoja wenu amekuja hadi kwangu Kimuli, amefunga baiskeli nje, amenisalimia vizuri, halafu swali lake ni hili: kwa nini trekta dogo linayumbayumba likivuta haro ya kuvunjia madonge? Nikamuuliza kama amekaza minyororo ya pembeni inayozuia haro isiyumbe. Akaangalia viatu vyake. Basi nikaona heri niandike, maana mkiendelea kuja mmoja mmoja mtanimalizia chai.

Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Cheo changu kilikuwa kimoja, na mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoupata ninyi. Nitasema habari za nyasi. Wengi wenu mnaona haya kusema kwamba kazi yenu ni nyasi, mnapenda kujiita madereva. Mimi sioni haya hata kidogo.

Nilianza bomani nikiwa kijana, zamani, wakati mashine ya kukatia nyasi ilikuwa mkono wa mtu na fyekeo. Nyapara wetu aliitwa Kagashe, mtu mrefu, mkali, asiyecheka. Siku yangu ya kwanza aliniita mbele ya wenzangu wote akaniamuru, "Lala kifudifudi." Moyo ukanilipuka. Nikajua nachapwa viboko kabla hata sijavunja kitu. Nikalala. Kumbe naye akalala kando yangu, shavu lake chini kabisa, koti lake la kaki na yote.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Nyasi, mzee."

"Nyasi hata mbuzi anaziona. Angalia tena."

Nikaangalia. Taratibu nikaanza kuona: hapa pamebonyea, pale pameinuka, kule maji yatasimama. Ukiwa umesimama uwanja wote unakudanganya kwamba uko sawa. Kagashe akainuka akajipangusa, akasema, "Sasa unaweza kupewa fyekeo." Hadi nimestaafu, sijaanza kazi kwenye uwanja wa mtu bila kulala chini kwanza. Wengine walinicheka, wengine walidhani nimezidiwa na pombe. Shauri yao.

Rola tuliyokuwa nayo ilikuwa pipa lililojazwa saruji, lina chuma katikati, tunalivuta kwa kamba kama ng'ombe. Siku moja lilitushinda kwenye mteremko. Likashuka lenyewe, likapita kwenye banda la kuku wa karani mkuu, likaendelea na safari. Kuku walipona wote, ila kwa muda mrefu hawakutaga, na karani alitusalimia kwa shingo upande mpaka alipohamishwa.

Baada ya vita kuu ya pili nikahamia mgodi wa bati kule milima ya Kyerwa. Meneja alikuwa Mzungu mwenye hamu ya nyasi za kwao. Alitaka ukoka mbele ya kila nyumba na uwanja wa mpira kwa wafanyakazi, nami nikasema, maadamu kuna kazi, hewala. Hapo ndipo nilipomkuta Fundi Mrisho. Alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mpole, anayeongea na injini kama unavyoongea na mgonjwa. "Haya mama, leo unaumwa wapi?" Halafu anainamisha sikio.

Trekta lilikuja juu ya lori kutoka Bukoba. Tulikuwa tumesikia habari za matrekta, tukategemea jitu. Likateremshwa hilo la kijivu, dogo, kiti chake kama sahani. Watu waliangua kicheko. Mmoja akauliza mama yake yuko wapi. Lakini Mrisho alipolifunga plau nyuma, akavuta wenzo mmoja, plau likanyanyuka lenyewe toka chini, kicheko kikakatika. Hata mimi nilirudi nyuma. Lilikuja na plau, haro ya visahani, rola ya chuma, na mashine ya kukatia nyasi, vyote vinafungwa kwa pini na kufunguliwa. Tukisema trekta moja, ni watu wengi ndani yake.

Mrisho alinifundisha mengi, nitawapa machache. Kabla hujaingia uwanjani chota udongo, ufinyange kiganjani, kisha uudondoshe. Ukivunjika, ingia. Ukibaki donge, rudi kanywe chai, maana gurudumu likipita kwenye udongo mbichi utaukandamiza ukawa tofali, na ukoka hauoti juu ya tofali. Plau la nyasi ni la juu juu, unachokonoa tu. Kuchimba chini ni kwa mahindi. Na kabla ya yote, vigingi na kamba. Piga vigingi kwa mstari, funga kamba, usawazishe kamba, ndipo usawazishe udongo kwa kufuata kamba. Mtu anayesawazisha kwa macho ya juu ya kiti cha trekta, alikuwa akisema Mrisho, anatengeneza bwawa la bata.

Mrisho aliporudi kwao Tabora nililia wazi, sikuona sababu ya kujificha. Trekta likawa langu. Meneja aliniruhusu siku za Jumamosi kulipeleka kwa watu wa vijijini, mradi mwenye kazi alete mafuta. Nimesawazisha viwanja vya makanisa, ya Walutheri na ya Wakatoliki, na kila upande uliniomba wa kwao uwe laini zaidi. Nikawaahidi wote.

Sasa nije kwenye kazi ambayo sijawahi kuisahau, ile ya Nyakakika.

Mwenye nyumba aliitwa Ma Kokushubira. Alikuwa mjane wa katekista, hana mtoto wa kiume, ana binti mmoja tu, Agnesi, muuguzi wa hospitali ya misheni. Agnesi alikuwa ameposwa na mwalimu, na wageni wa harusi walikuwa wanatoka Bukoba na Muleba, watu wa kuvaa viatu hata siku ambayo si Jumapili. Uwanja wa mbele ya nyumba marehemu aliupanda ukoka kwa mikono yake mwenyewe. Lakini tangu afariki, fuko waliufukua, magugu ya ndago yakaingia, na mlangoni maji yalisimama kila mvua ikinyesha.

Nilifika kabla jua halijawa kali. Ma Kokushubira akatoka, akalizunguka trekta lote.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, waitu," akaitikia kwa heshima ya huku kwetu. "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Nilidhani wataniletea lililokwisha kukua."

Nikampenda hapohapo. Nikalala chini nikaangalia uwanja, naye akasimama juu yangu mikono kiunoni. Nikamwonyesha pa kushusha na pa kupandisha ili maji yaondoke mlangoni. Kisha nikagundua vigingi vyangu vya chuma nimevisahau mgodini. Nikamwomba miti.

Nyuma ya jiko alikuwa na kichaka cha mulamula. Ninyi wa huku mnaujua, ila kuna wawili kati yenu mmetoka mbali, basi niwaambie. Mulamula ni mti mwembamba, umenyooka, majani yake marefu, na huku kwetu ndio mpaka. Palipo na mstari wa mulamula, shamba la mtu limeishia pale, na hakuna wa kuung'oa. Tena hauna ubishi: kata kijiti, chomeka ardhini, mvua ikinyesha kimeota. Ma Kokushubira akachukua panga akaanza kukata.

"Ma," nikamwambia, "huo ni mulamula."

"Nauona. Si umenyooka?"

"Umenyooka, lakini..."

"Jioni si unaving'oa? Au unaogopa vijiti?" Akacheka. "Dereva mzima!"

Kweli vilinyooka kuliko kigingi chochote nilichowahi kushika. Nikavipiga kwa nyundo katikati ya uwanja, toka upande wa barabara mpaka kwenye migomba, nikafunga kamba ya mkonge, nikaisawazisha. Kazi ikaenda vizuri sana. Plau likageuza ndago, haro ikavunja madonge, mchana nikala ndizi na maharage, nikarudi. Nilikuwa naanza kuvuta udongo kufuata kamba, mara nikasikia mlio nyuma kama kuni kavu inavunjwa kwenye goti. Shafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma, ilikuwa imekatika.

Shafti ile haikuwapo mgodini, haikuwapo Bukoba, ilibidi iagizwe Kampala. Majirani wakanisaidia kulisukuma trekta mpaka kando ya jiko, tukalifunika majani ya migomba. Ma Kokushubira akauliza kuhusu vigingi. Nikamwambia, ukiving'oa nimepoteza usawa wote, nitaanza upya. "Basi havitaguswa," akasema. Na kweli aliwafukuza mbuzi, aliwafukuza watoto, aliwafukuza hata wachungaji wa kanisa waliokuja kusalimia wakataka kukatiza. Halafu mvua zikafunguka.

Niliporudi na shafti, nilishuka kwenye lori pale barabarani nikasimama. Vigingi vyote vilikuwa na majani. Mstari mzima, toka barabarani mpaka migombani, kijani kibichi, umenyooka utadhani umechorwa. Kwanza nilicheka. Nikamkuta Ma Kokushubira jikoni, yeye hacheki.

"Vijiti vyako vimenishitaki," akasema.

Shemeji yake, Ta Bitegeko, yaani mzee Bitegeko, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na shamba la kahawa upande wa mawio. Toka mazishi alikuwa akisema kwamba mwanamke mmoja ana eneo kubwa mno. Sasa alikuwa amekwenda kwa mkungu, ndiye mkuu wa kijiji, na kusema: mulamula umeota katikati ya uwanja, umepandwa na mjane mwenyewe, kwa mkono wake, kijiji kizima kimeona. Kwa hiyo amekubali kwamba upande wake unaishia pale. Nusu ya uwanja, na migomba iliyo nyuma yake, na kipande cha kahawa cha marehemu, vimerudi kwa ukoo. Na baraza lilikuwa kesho yake asubuhi.

"Nitasema mimi," nikamwambia. "Vigingi ni vyangu."

"Wewe umekula ndizi zangu," akasema. "Nani atakusikiliza?"

Kisha akakaa kwenye kigoda, akawa anakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. "Agnesi ataolewa wapi? Kwenye nusu ya uwanja wa baba yake?" Nilikwenda nikafunga shafti, nikaifunga kwa hasira mpaka spana ikanichuna vidole.

Asubuhi wazee wakaja, wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoletwa kwa ajili hiyo. Ma Kokushubira alikuwa amepika, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, maana hata unapoporwa huku kwetu wageni lazima wale. Mkungu alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi na haraka, ana kesi nyingine ya ng'ombe mchana. Ta Bitegeko alikuja na koti jeusi, ameshika fimbo, akaeleza vizuri kabisa. Alikuwa na sauti nzuri, nitakuwa mwongo nikikataa. Akamaliza kwa kuuonyesha mstari kwa fimbo: "Mulamula ndio huo. Haukujipanda."

Wazee wakauangalia. Ulikuwa unapendeza, mjinga mimi niliunyoosha sana.

Nikapewa nafasi nikaeleza habari za kamba na usawa na shafti. Mzee mmoja akauliza shafti ni kitu gani. Nikaeleza. Akauliza tena. Nikaona kweli, hapa sisaidii kitu.

Mkungu akakohoa. Akamgeukia Bitegeko. "Siku mulamula huu unapandwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Hukuitwa?"

"Sikuitwa! Ndiyo dharau yenyewe. Alipanda peke yake."

"Hukushika mche?"

"Nimesema sikuwepo."

"Na nani alikula? Nani alikunywa rubisi siku hiyo, akashuhudia?"

Wazee wakaanza kutikisika mabegani. Mmoja akashindwa kabisa akacheka kwa sauti. Kila mtu pale alijua kwamba mpaka unapandwa na wawili. Huyu wa upande huu anashika mche, yule wa upande ule anafukia, na wengine wanakula na kunywa ili wakumbuke. Mtu mmoja akichomeka mulamula peke yake, hajaweka mpaka, amepanda mti tu. Bitegeko alikuwa amefunga safari mpaka kwa mkungu kwenda kuapa kwamba hakuwepo.

"Hapa hakuna mpaka," akasema mkungu, akashika fimbo yake kuinuka. Ng'ombe walikuwa wanamsubiri.

Nilitaka kurusha kofia. Lakini Ma Kokushubira akasimama, akapiga magoti mbele ya mkungu kwa heshima, akasema, "Waitu, usiondoke. Unasema hapa hakuna mpaka. Basi uko wapi?"

Mkungu akaishusha fimbo. Maana kweli, haukuwepo popote. Ndugu wawili walirithi pamoja, wakalima pamoja, hawakuwahi kuhitaji kupanda mulamula kati yao. Kesho Bitegeko angeweza kuja na hoja nyingine, na keshokutwa watoto wake.

"Mmekaa," akasema Ma Kokushubira. "Mmekula, mmekunywa. Shemeji yupo, mimi nipo. Na miche imeshaota mizizi. Tuupande leo."

Mkungu akakaa chini, akaomba rubisi nyingine. Akamwambia Bitegeko, "Wewe ndiye mkubwa. Sisi hatukuwepo baba yenu alipowagawia. Chukua mche, utuonyeshe ndugu yako alikuwa anaishia wapi."

Nilijua, na Ma Kokushubira alijua, kwamba sasa mtu yule angeweza kusimama popote na hakuna wa kumbishia. Nikang'oa vigingi vyangu kimoja kimoja kwa jembe, polepole nisikate mizizi. Vichwa vyake bado vilikuwa vimepondeka kwa nyundo. Vingine bado vilikuwa na fundo la kamba ya mkonge. Tukavipanga kwenye karai. Bitegeko akachukua cha kwanza, akaanza kutembea, na sisi wote nyuma yake, Ma Kokushubira karibu kabisa amekunja khanga kiunoni.

Akauvuka uwanja wote, hakusimama. Akapita migomba, hakusimama. Akafika kwenye kahawa ya marehemu, hapo akapunguza mwendo, nikasema moyoni, ndiyo hapa. Akashika mkahawa mmoja kwa mkono, akauachia. Akaendelea mpaka kwenye mfereji mdogo uliokauka, ambako kahawa ya upande huu ilipandwa kwa mistari na ya upande ule ilipandwa ovyo. Akasimama.

"Huu mfereji tuliuchimba wote," akasema, si kwa mkungu wala kwa mtu yeyote. "Yeye ndiye aliyetaka mistari."

Ma Kokushubira akaja akapiga magoti, akashika mche kwenye mfereji ule. Bitegeko akainama kufukia, halafu akasita. Akamwomba mche, akautwaa, akavuka mfereji kwenda upande wake, kwenye kahawa yake mwenyewe, akauchomeka huko.

"Ta Bitegeko," mkungu akasema, "umepita mfereji."

"Najua nilipo," akajibu kwa ukali. "Siku ya harusi watajaa watu. Sitaki wageni wa mtoto wangu wasimame mferejini na viatu vyao. Shika, mke wa ndugu yangu, nifukie."

Akashika. Akafukia. Tukaenda hivyohivyo mpaka karai likaisha, mimi ndiye mbeba karai, na macho yalinitoka machozi nikayaacha yatoke. Kisha nikarudi nikawasha trekta, nikaanza kusawazisha uwanja wote, toka ukuta wa nyumba mpaka migomba.